Mistari Aliyoiona Mzee Nzowa

Ukuta ule wa mgahawa sasa umepakwa rangi ya krimu, na mahali palipokuwa na meza yetu ya vyombo pana friji ya soda. Nilikaa msibani nikiutazama. Mzee Nzowa alikuwa amelala kwenye jeneza sebuleni, akina mama wa kwaya wakimwimbia, na kila lori lililopita kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, lilitikisa vioo vya dirisha na kuingiza vumbi mlangoni. Nilikuwa nimetoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kwa mabasi ya kuunganisha, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nimeacha vitenge vyangu vya kuuza kwa jirani, ili nimzike mtu ambaye si baba yangu wala mjomba wangu. Badala ya kulia nikawa natafuta misumari. Ipo bado. Wameipaka rangi juu kwa juu, ikabaki kama chunusi. Kila msumari ulibeba mchoro, na hadi leo naweza kukuambia upi ulibeba upi. Karibu na mlango ulikuwepo mto wenye daraja lililovunjika. Katikati, askari waliolala chini ya mti wakiwa wamevua buti. Na juu kabisa ya stuli ya Mama Eliza, mke wa mzee, palining'inia mchoro ulionifanya niwe mtu wa njiani: vilima vitatu, kona ya barabara na msalaba mdogo.

Nilivyofika Tunduma si habari. Wasichana wengi wa Iyula waliomaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea walifika vilevile, na begi moja na jina la mtu wa kumwulizia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mkoa wetu wakati huo bado ulikuwa Mbeya. Songwe, ambalo sasa ndilo jina la mkoa wetu, lilikuwa jina la mto tu. Mama Eliza alinipa chumba cha uani, chenye mlango uliotengenezwa kwa mbao za kreti lililoandikwa maneno ya Kizungu kutoka Kitwe, nami nikawa nahudumia wateja mgahawani kwake. Chumba kilinukia dizeli na mahindi ya kuchoma. Nilikipenda kuliko nyumba zote nilizokaa baadaye, na nimekaa nyingi. Asubuhi tuliuza chai na chapati, mchana ugali na maharage, au ugali na kapenta, wale dagaa, za kukaanga, pamoja na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Madereva wa Zambia waliuita ugali wetu nshima, wakalalamika kuwa ni mgumu mno, wakaumaliza. Madereva wa pwani walilalamikia baridi. Mama Eliza hakumjibu mtu. Aliongeza mchuzi, akaendelea na kazi.

Mzee Nzowa hakuwa mzee hivyo mwaka ule, lakini alikuwa amestaafu jeshi na mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito, kwa hiyo kila mtu alimwita mzee. Katika vita vya Kagera alikuwa koplo kwenye kikosi cha mizinga. Kazi yake ilikuwa kutangulia, kupanda mahali pa juu na kuchora anachokiona mbele, kilima kwa kilima, mti kwa mti, ili walioko nyuma na mizinga wajue wanapiga wapi. Michoro safi aliikabidhi kwa wakubwa zake. Ile ya ukutani ilikuwa ya kujaribia, aliyoichora kwa penseli kwenye makaratasi magumu ya maboksi ya chakula cha askari, akarudi nayo nyumbani ndani ya fulana. Sasa moshi wa jiko la Mama Eliza ulikuwa unaila. Kila kiangazi mzee aliishusha, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akapitisha kalamu ya wino juu ya mistari iliyofifia. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa sababu alifanya kazi hiyo mezani, wateja wakimzunguka. Mmoja alisema mto bila mamba si mto. Mzee akachora mamba. Mwingine, Mkongo mwenye kofia ya manyoya, alisema anga ni tupu mno; akapata ndege mkubwa aliyetandaza mabawa juu ya vile vilima vitatu. Watu walicheka, wakaagiza chai nyingine. Mimi mwenyewe nilidhani ndivyo vita vilivyokuwa, na mamba wake na ndege wake.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa alipoingia Mama Ambokile. Alitoka Ileje, huko juu milimani, mwanamke mrefu aliyevaa koti la kiume juu ya kitenge, na kikapu ambacho hakukiweka chini hadi alipoambiwa. Mzee Nzowa alisimama alipomwona, licha ya mguu wake mzito, akampokea kwa mikono miwili, akamwita mama. Nilijua habari zake kidogo kidogo, kama mtu anavyojua habari kwenye mgahawa, kwa kupita na sahani. Ambokile alikuwa mwanawe na rafiki wa mzee jeshini. Alifia vitani, kaskazini ya mto Kagera, siku ambayo kikosi kilikuwa kinasonga mbele, na wenzake walimzika palepale wakaendelea. Mama aliletewa taarifa ya kifo. Mahali hapakutajwa. Na kwa sababu hapakuwa na mwili, ndugu wa mumewe walikuwa wameketi na kukata shauri kwamba kahawa ikishauzwa watazika mgomba, kama zinavyofanya koo nyingine mtu akipotea: unakatwa mgomba, unafungwa sanda, unawekwa kaburini, matanga yanakwisha na watu wanarudi kwenye shughuli zao. Walikuwa wamechagua mpaka mgomba wenyewe, pale nyuma ya jiko lake. Hakuwalaumu. Alisema wamechoka, na mtu akichoka si kosa. Kisha akanywa chai yake hadi mwisho na kusema, bila kupandisha sauti:

"Lakini mgomba sikuuzaa mimi."

Alichotaka kilikuwa kimoja: kujua mwanawe yuko wapi, kabla kahawa haijaisha mitini. Mzee Nzowa alipanda stuli ya mkewe, akashusha mchoro wa vilima vitatu, akauweka mbele ya mama kati ya kikombe na sukari, akamwonyesha kwa kidole msalaba alioutia mahali walipomzika Ambokile. Nadhani alitegemea machozi. Mama Ambokile aliuinamia mchoro ule muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye barabara, akapanda kilima cha kwanza, cha pili, cha tatu, akafika angani.

"Huyu ndege," aliuliza, "ulimwona?"

Nimekaa na watu wengi wenye kusema kweli na wengi zaidi wenye kusema uongo, kwenye mabasi, kwenye foleni za mpakani, kwenye nyumba za wageni za Kapiri, na bado sijaona uso uliobadilika kama uso wa Mzee Nzowa wakati ule. Alisema hapana, ndege ni wa wateja. Mama akauliza habari ya mti wa kushoto. Mzee akafikiri, akasema hana hakika. Na hili jiwe? Jiwe aliliona. Na njia hii ya mifugo? Akapitisha kidole juu ya njia ile mara mbili. Wino ulikuwa umepita juu ya kila kitu kwa unene uleule, cha vita na cha mgahawa, na yeye aliyeuchora mwenyewe alikuwa hawezi tena kuvitofautisha kwa macho. Mama Ambokile akarudisha mchoro upande wake wa meza, taratibu, kama mtu anayerudisha chakula kisichoiva.

Mimi ndiye niliyesema tuutoe wino. Shuleni nilikuwa hodari wa ramani, si wa kitu kingine, na nilikuwa bado na karatasi nyembamba za kunakilia chini ya begi langu. Mchana, wateja walipopungua, tulikaa chumba cha nyuma penye dirisha, mama na mzee na mimi. Niligundua kwamba penseli ya askari ilikandamizwa kwa nguvu. Ukipapasa nyuma ya karatasi kwa ncha ya kidole, uliihisi imetokeza kama mshipa, hali wino wa mgahawa ulipita juu tu bila kuacha alama. Basi nikanakili mchoro wote kwa penseli kwenye karatasi yangu nyembamba, nikapapasa mstari mmoja mmoja, nikifuta usiotokeza, na kila nilipofika mahali nisipopahisi vizuri nilimwuliza mzee: hii uliiona, au uliiongeza? Alifumba macho kabla ya kujibu. Wakati mwingine alijibu haraka, wakati mwingine alitoka nje akazunguka uani kwanza. Ndege akaenda. Mti wa kushoto ukaenda. Kibanda kilichonipendeza sana, chenye moshi, kikaenda pia. Jikoni Mama Eliza alisikia kila kitu, akasema kumbe miaka yote hii amelisha watu chini ya uongo. Mumewe akamjibu kwamba maharage yake yana mawe na hakuna aliyewahi kuyaondoa mezani. Mama Ambokile alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na alikosa meno mawili ya mbele, akafunika mdomo kama msichana.

Tulipokaribia kumaliza, karatasi yangu ilikuwa imebaki na mistari michache kiasi cha kutia huruma. Vilima vitatu, cha katikati kikiwa na bapa juu. Kona ya barabara. Jiwe. Msalaba. Nikauliza habari ya kijumba cha mwisho, chenye paa lililochongoka, pale kwenye kona. Mzee akasema hicho ni cha Hamisi, futa. Hamisi alikuwa dereva wa Tanga, mtu wa mzaha, aliyekula kwetu kila alipopita. Aliwahi kumwambia mzee kuhusu kanisa kwenye kona, na mzee akalichora ili amfurahishe, kama alivyomfurahisha Mkongo. Nilikuwa nimeshainua kifutio nilipojisikia nikiuliza kama Hamisi alisema achore kanisa, au alisema pana kanisa. Mzee hakukumbuka. Mkewe ndiye aliyekumbuka, kutoka jikoni, kwa sababu siku hiyo alikuwa anampakulia maharage.

"Alisema pana," alisema. "Alisema, mzee, hapo kwenye kona siku hizi pana kanisa la bati jekundu. Tukacheka."

Nikaweka kifutio chini; kumbe Hamisi alipajua mahali hapo. Alirejea wiki iliyofuata akilalamikia baridi kama kawaida, na kabla hajavuta kiti Mzee Nzowa alikuwa amemwekea karatasi mbele. Akaitazama, akasema anaijua. Aliwahi kupata pancha hapo akikaribia Mutukula, mpakani mwa Uganda, tairi la akiba nalo bovu, akakaa kutwa akimsubiri utingo wake arudi. "Hivyo vilima nimevitazama kuliko nilivyomtazama mke wangu," alisema. Kisha akamwona mama mwenye kikapu, akaelezwa, akavua kofia. Alikuwa na mzigo wa mahindi ya Mbozi wa kwenda huko huko Kagera. Alisema kabini ina nafasi ya watu wawili, ila mama asimlaumu kwa muziki wake.

Mama Ambokile alisema mimi ndiye nitakayekwenda naye, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika karatasi. Nilidhani Mzee Nzowa angetaka kiti kile kwa nguvu zote. Alikataa, na sababu aliyoitoa nimeibeba safari zangu zote. Alisema akienda yeye, ataona anachotaka kuona. Atafika kwenye kona ya kwanza yenye jiwe na kusema ndipo, kwa sababu miaka yote ametamani kupaonyesha. Bora aende mtu asiye na kumbukumbu yoyote, mwenye karatasi tu. Akanitoa nje uani, akanipa maelekezo yake kama koplo anavyompa kuruta. Alisema nisitafute msalaba. "Tafuta mimi nilipokaa," alisema. "Vilima vikikaa kama nilivyovichora, ujue umekalia nafasi yangu. Hapo msalaba utauona wenyewe."

Sitaeleza njia yote, ingawa ningeweza, kilima kwa kilima, maana ndiyo safari iliyonifundisha kwamba nchi haina mwisho mahali macho yanapokoma. Nilikuwa sijawahi kupita Mbeya mjini. Nilikula samaki wa Ziwa Victoria nikiwa nimesimama. Mama Ambokile alisafiri wima kama yuko kanisani, kikapu mapajani, na kufikia Singida alikuwa anauomba mwenyewe ule muziki wa Hamisi, akimtania kwamba sauti ya huyo mwimbaji inafanana na ya mbuzi wake. Hamisi akamwita mama mkwe. Yeye akasema binti zake wote wameolewa na watu wenye akili. Walitaniana hivyo hadi tukavuka Mto Kagera, na hapo mama akakikumbatia kikapu chake, na Hamisi akazima muziki bila kuambiwa.

Kanisa lilikuwepo, bati jekundu, kwenye kona. Jiwe halikuonekana. Vilima vilikuwepo, lakini havikukaa. Nilitembea kando ya barabara na karatasi yangu nikiwa nimeiinua mbele ya uso, nikienda mbele, nikirudi nyuma, nikapanda kituta upande wa pili, na kila mahali kilima cha katikati kilijitokeza kupita kiasi, na cha kulia kilikaa mbali na kinapotakiwa. Jua lilikuwa kali. Nilianza kuogopa, kwa sababu nilijua tukirudi hivi mgomba utakatwa, na itakuwa mimi niliyefuta mistari. Hamisi alisema labda mzee alikosea. Mama Ambokile alikuwa ameketi kwenye majani pale kitutani, akinitazama ninavyohangaika.

"Atu," aliniita, "mbona unasimama? Yule alikuwa anapigwa risasi."

Nikalala kifudifudi. Nililala na gauni langu kwenye majani makavu, kidevu chini, viwiko vimeegemea udongo, kama anavyolala mtu anayetaka kuona bila kuonekana. Na kilima cha katikati kikashuka, kikabaki bapa lake tu. Nikajivuta kidogo kushoto na cha kulia kikaingia nyuma ya mwenzake kama mlango unaofungwa. Vikakaa. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa Iyula, nimelala mahali alipolala koplo mmoja kabla sijazaliwa, nikiona kwa macho yake. Na chini ya mteremko, kutoka pale tu, mgongo wa jiwe ulionekana juu ya majani, na kando yake palikuwa na mwinuko mdogo ambao kwa kusimama nisingeuona kamwe. Hamisi alishuka akapasua majani kwa panga. Chini yake palikuwa na mawe bapa yaliyopangwa mstari kwa mkono wa mtu, yameshikana na mizizi.

Mama alishuka peke yake. Sisi tulibaki juu, Hamisi akiwa na kofia mkononi. Alikaa kando ya mawe, akaongea Kindali, si kwa kulia, bali kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za nyumbani kwa aliyechelewa kurudi. Mimi Mnyiha niliokota neno hapa na pale, mvua, ng'ombe, jina la mtu. Kisha akafungua kikapu, akatoa chungu kidogo chenye mfuniko ambacho alikuwa amekificha chini ya shuka tangu Ileje, akakijaza udongo. Nilielewa hapo kwamba alikuwa ameondoka kwake akiwa na imani kuliko sisi wote. Alipopanda kwetu alisema anaomba maji ya kunawa, na kwamba ana njaa.

Udongo ule ulizikwa Ileje kahawa ikiwa bado haijaisha. Mzee Nzowa alikuwepo safari hiyo, na medali yake, akaombwa aseme neno, akasimama na kusema mistari tu: vilima, kona, jiwe. Ndugu wa mume walisikiliza, wakashika majembe. Mgomba uliokuwa umechaguliwa ukaachwa, na kwa kuwa mkungu wake ulikuwa umekomaa, tulikula ndizi zake palepale matangani, za kupikwa, na nyama ya mbuzi mwenye sauti ya mwimbaji. Mama Ambokile alipita akiwaongezea watu. Mwaka haujaisha, nikachukua begi langu kutoka chumba cha uani na kuvuka Nakonde, na sijatulia mahali tangu wakati huo. Kila nilipopita Tunduma nilikula kwao, lakini ukuta ulikuwa mtupu. Mzee alikuwa ameishusha michoro yote tulipokuwa safarini, akaiweka kwenye sanduku la bati, na alipoulizwa na wateja alijibu kuwa iko matengenezoni.

Baada ya mazishi, binti yake Eliza, ambaye mwaka ule alikuwa bado bwenini na sasa ndiye mwenye mgahawa, alinivuta chumba cha nyuma na kufungua sanduku lile. Michoro ya maboksi ilikuwemo, ina mamba na ndege, na kila mmoja umeambatanishwa na karatasi nyembamba yenye mistari michache. Kumbe alikuwa ameendelea peke yake, akipapasa migongo ya karatasi, akifumba macho, mchoro mmoja hadi mwingine, mpaka akaitenga yote. Karatasi yangu, ya kwanza, ilikuwa juu kabisa. Eliza alikuwa na jambo la kuniuliza kuhusu hiyo, kwa sababu watu wa makumbusho wameomba kuiona michoro, na baba yake alikuwa mkali juu ya kuongeza vitu. Akanionyesha. Pale kitutani, kwa kalamu ya wino, palikuwa na watu wawili wadogo ambao sikuwachora mimi. Mmoja ameketi, ana kikapu. Mwingine ni msichana aliyelala kifudifudi.

"Dada Atu, hawa walikuwepo kweli," aliuliza, "au baba aliongeza?"

Nilipapasa nyuma ya karatasi kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameukandamiza wino kwa nguvu zote.

"Walikuwepo," nikamwambia. "Usiwafute."